Jina Ambalo Imakulata Hakulitaja

Foleni ya sukari ilianzia mlangoni mwa duka la ushirika, ikalizunguka ghala la ngano, na mkia wake ukaishia karibu na karakana ya matrekta. Ilikuwa miaka ile ya kukosa kila kitu, mtu akisikia sukari imefika anaacha chungu kikichemka jikoni. Upepo wa kutoka mlima Hanang ulivuma na makapi ya ngano, ukawasha watu shingo na kuwaingia machoni, hata wengi walikuwa wamejifunika mashuka mpaka puani. Imakulata Gidabuday hakujifunika. Alisimama wima katikati ya msukumano huo, amevaa gauni la maua madogo na shuka nyeusi iliyofungwa begani, na bangili za shaba alizopewa na mama yake ziligongana kila alipomrudisha nyuma mtu aliyejaribu kumpita.

Mbele yake kijana mmoja mrefu wa ovaroli ya bluu alichoka kusimama, akakalia boksi la vipuri alilokuwa amelibeba.

"Kaka, hilo boksi limeandikwa nini hapo ubavuni?" Imakulata alimuuliza.

Kijana aliinama akasoma. "Fragile."

"Maana yake?"

"Mali ya serikali."

"Mbona fundi mwenzako jana aliniambia maana yake ni kitu kinachovunjika upesi?"

Wanawake waliokuwa nyuma wakacheka. Kijana aliinuka polepole, akafungua boksi, akachungulia taa za trekta zilizokuwa ndani, akashukuru Mungu kimoyomoyo.

"Kama ulijua, uliniulizia nini?"

"Nione kama utadanganya."

"Na nimedanganya."

"Tena bila kupepesa macho. Unaitwa nani?"

Aliitwa Tluway, mtoto wa milima ya Mbulu, fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano. Naye alipouliza msichana anayeshona magunia ghalani anataka maneno ya Kiingereza ya kazi gani, Imakulata hakunong'ona. Alisema anataka kazi ya redio koli pale ofisini. Redio hiyo ndiyo iliyounganisha mashamba yote ya ngano ya serikali katika uwanda ule, na wataalamu wazungu walioisikiliza hawakujua lugha nyingine ila Kiingereza. Dada aliyekuwa akiiendesha angehama mavuno yakiisha, na kila mtu alilijua hilo.

"Mmang'ati, mtoto wa wachunga ng'ombe, kwenye redio koli," mwanamume mmoja alisema kutoka nyuma, na foleni nzima ikasikia.

Imakulata aligeuka akamtazama kuanzia viatuni. "Ndiyo. Na siku ukiitwa kwenye hiyo redio, atakayekuita ni mimi."

Si kwamba alikuwa hana hofu. Alikuwa nayo, tena kubwa. Malisho ya baba yake, mzee Gidabuday wa Gehandu, yalikuwa yamelimwa na matrekta ya mashamba hayo misimu mitatu nyuma, asubuhi moja tu, na ng'ombe walirudi jioni wakakuta matuta. Binti alipoaga kwamba anakwenda kutafuta kibarua kwa watu hao hao, mzee alinusa ugoro mpaka ukamwishia kiganjani. "Nenda," alimwambia. "Wakija kulima wanaongea wao kwa wao, sisi tunaona trekta tu. Nataka mtu wangu asikie kabla trekta halijawashwa. Lakini wakikuacha kwenye magunia mpaka mavuno yaishe, urudi nyumbani. Sikuzaa mshona magunia yao." Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yake, redio au Gehandu, na muda wenyewe ulikuwa msimu mmoja.

Tluway akawa mwalimu. Walikaa saa ya chakula kwenye kivuli cha kombaini mbovu nyuma ya karakana, yeye na mikono yake yenye grisi, Imakulata na kibuyu cha maziwa. Kijana alitaka kufundisha kama alivyofundishwa shuleni, neno na maana yake, neno na maana yake, kwa kufuata alfabeti. Imakulata alikataa siku ile ile ya kwanza.

"Unanipa ng'ombe wa kuokota, kila mmoja na boma lake. Watanipotea. Nipe zizi zima."

"Zizi gani tena?"

"Mvua ikinyesha wakati wa mavuno, inakuwaje?"

"Mashine inakwama."

"Halafu?"

"Kazi inachelewa."

"Halafu?"

"Meneja anapandwa na hasira."

"Basi nipe yote hayo, kwa mwendo huo huo."

Jioni ile alishona magunia akisema rain, stuck, delay, angry, sindano ikipanda na kushuka. Kesho yake alidai zizi la mafuta yanayovuja, kesho kutwa la mtu aliyeumia shambani. Neno asilokuwa na kazi nalo alilirudisha. Alilolichukua alilitumia siku hiyo hiyo, kwa dereva, kwa mpimaji wa mizani, hata kwa mbwa wa mlinzi, na akikosea alicheka kabla hajachekwa, akalisema tena.

"Unashika haraka mno," Tluway alimwambia siku moja. "Mimi neno shortage lilinichukua msimu mzima, na sukari yenyewe hakuna."

"Kwetu wanawake wamezoea kujifunza maneno ukubwani."

"Maneno gani hayo?"

"Ukikua utayajua."

"Na zizi la mapenzi, Ima wangu, hilo hulitaki?"

"Kwenye redio halitumiki."

"Redio ni ya serikali. Mimi si wa serikali."

"Wewe ndiye mwenye nembo ya serikali mgongoni," alisema, akamgusa mgongo wa ovaroli pale ilipochapwa nembo, na mkono wake ukachelewa kuondoka. Walitazamana. Hakuna aliyetafuta neno la Kiingereza kwa jambo hilo.

Mwezi wa saba baba yake Tluway alishuka kutoka Mbulu kwenda hospitali ya Haydom kutolewa mtoto wa jicho. Alikuwa mkulima wa mlimani, Mkatoliki wa siku nyingi, jina lake Tadei. Jumapili moja Tluway alimpeleka Imakulata akamwone.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sogea nikuone kwa mkono, macho bado yamefungwa." Mzee alimshika kichwani, akamuuliza habari za mvua, za ng'ombe, za nyumbani. "Gidabuday wa Gehandu nimemsikia. Maneno machache, fimbo ndefu." Akacheka, na Imakulata akacheka naye, na akampenda mzee yule papo hapo.

Waliporudi, wakirushwa juu ya lori la shamba, alikuwa ameshaamua. Kwao mwanamke akiolewa halitaji tena jina la baba mkwe, wala maneno yanayofanana nalo. Mama yake aliposhika njia ya boma la Gidabuday aliyaacha maneno mengi kwa baba yake, akaokota mengine kwa wake wenzie, akaishi hivyo miaka yote bila kuteleza. Ni heshima, na ni fahari pia, kwa maana mwanamke anayejua kulizunguka jina vizuri husifiwa. Tangu Jumapili ile jina Tadei halikupita tena kinywani mwa Imakulata. Hakuna aliyemwagiza. Hakuwa ameposwa, hata kuulizwa hakuulizwa. Alijiwekea mwenyewe, akaficha, kwa sababu msichana anayejitangaza mke wa mtu ambaye hajafungua mdomo atachekwa kuanzia Basotu hadi Katesh.

Wiki iliyofuata Tluway alipelekwa mashamba ya mbali, akamwomba ampelekee mzee shati safi na maziwa. Imakulata alipanda basi akafika Haydom saa ya kutazama wagonjwa, getini watu wamejaa, mabasi yanashusha wengine.

"Jina la mgonjwa," mlinzi wa geti alisema.

"Ni mzee wa macho. Mrefu. Ametoka Mbulu."

"Wazee wa macho wako wengi, dada. Jina."

"Mwanawe ni fundi kule kwenye ngano."

"Jina lake yeye."

Watu walimsukuma kwa nyuma, kikapu cha mtu kikamchoma mgongoni. Angelisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, nani angejua? Yeye angejua. Alitafuta njia nyingine ya kulizunguka jina lile, maneno yakamwishia, mlinzi akamwita wa nyuma yake. Imakulata akaondoka na kibuyu chake kimejaa vile vile, macho yanamwaka kwa aibu.

Dereva wa lori la shamba alikuwa kwenye umati ule, na kilichosikika getini kilifika karakana kabla ya Tluway mwenyewe kurudi. Aliporudi hakunawa mikono. Alimkuta ghalani.

"Ulikwenda Haydom?"

"Nilikwenda."

"Ukaulizwa jina la baba yangu, ukanyamaza, ukageuka. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Lakini sikumkana."

"Mtu aliyefungwa macho, amekaa kitandani anasubiri maziwa. Jina lake linakuumiza ulimi? Sisi watu wa mlimani, wenye majembe, si watu wa kutajwa mbele za watu?"

"Usiseme hivyo, Tluway."

"Basi litaje sasa hivi. Tupo wawili tu. Sema Tadei, nami nitakuomba radhi."

Imakulata alimtazama. Alimpenda mtu yule, na alikuwa na hasira naye vile vile. "Sisemi," alijibu.

"Kwa nini?"

"Kama hujui kwa nini, si mimi wa kukuambia."

Tluway aliondoka, na kivuli cha kombaini mbovu kikabaki bila watu. Wenzake ghalani walidhani msichana atalia siku mbili kisha afunge mizigo. Alilia kweli, siku moja. Siku ya pili alikwenda kusimama chini ya dirisha la ofisi, saa ya chakula, akasikiliza redio ikiongea. Mwalimu amenuna, sawa, maneno hayakununa. Aliwafuata madereva, aliwafuata wake wa wazungu dukani na kuwabebea vikapu ili aulize hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje. Na sasa alitafuta maneno ya aina moja hasa, yale ambayo yangemfaa siku ile getini, ya kumweleza mtu alivyo, anavyotembea, anavyocheka, kovu lake, tabia yake, watu wake. Hakuna aliyejua kwa nini kibarua wa magunia anataka kujua Kiingereza cha kovu.

Wiki ya mwisho ya mavuno aliitwa ofisini. Alivaa gauni lile lile la maua, limefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa, na bangili amezisugua kwa majivu. Afisa utawala, bwana Felician, mtu mzima mwenye miwani mizito, aliitikia shikamoo yake na kumwonyesha kiti mbele ya redio.

"Umeishia darasa la saba."

"Ndiyo, mzee."

"Sikufichi, nina wasiwasi. Lakini umeomba, tutakujaribu kwa kazi ya kweli. Kombaini imeharibika upande wa Masakta, mkanda umekatika na mafuta yanavuja. Mweleze mzungu wa karakana. Umwambie amlete hapa fundi na mkanda, gari linamsubiri. Fundi mwenyewe ni Tluway."

Imakulata alibonyeza, akazungumza. Kiingereza chake kilikuwa na makosa, sitasema hayakuwepo, vitendo vya jana na vya leo vilipigana vikumbo njiani. Lakini mkanda ulieleweka, uvujaji ukaeleweka, na aliongeza kwa akili yake kwamba wingu limesimama juu ya mlima na kuchelewa kutaharibu ngano. Felician akaacha kuchezea kalamu.

Sauti ya mzungu ikauliza, Tluway yupi? Walikuwa wawili kwenye kombaini.

"Mtaje na baba yake," Felician alinong'ona. "Tluway Tadei."

Imakulata alishika kile kidude cha kusemea kwa mikono miwili. Akasema kwa Kiingereza kwamba ni yule mrefu. Mzungu akajibu wote ni warefu. Akasema ni yule anayecheka kabla hajaongea. Mzungu akamwambia aendelee. Ni yule mwenye kovu la moto mkono wa kushoto, Imakulata akasema. Ni yule ambaye mzazi wake hakuwa anaona, akapelekwa Haydom, na sasa anaona mpaka kijani cha majani. Ni yule mwenye hasira mwezi huu mzima.

Redio ikacheka. Hasira ya nini, mzungu akauliza.

Hasira juu yangu, Imakulata akajibu, lakini tafadhali alete mkanda kwanza, hasira itasubiri na mvua haitasubiri. Mzungu akasema ameelewa, akazima.

Felician alivua miwani. "Maneno yote hayo, na ungetaja moja tu."

"Hilo moja silitaji, mzee."

"Utaratibu wa redio ni jina lake na la baba yake. Litaje mara moja, hapa, nisikie, nikuandikie kazi."

Hapo ndipo Imakulata alipoona kila kitu kwa pamoja. Aliiona redio, akamwona baba yake na kiganja cha ugoro, akaona trekta linaloweza kuwashwa asubuhi yoyote. Tluway alikuwa amemkatia tamaa, hakuwa mchumba wa mtu, na jina lile halikumdai kitu tena. Lakini alikuwa amejiwekea mwenyewe. Akaweka chini kile kidude.

"Nitajie majina yote ya shamba hili nami nitayataja, la meneja na la mkuu wa mkoa akitaka. Hilo hapana. Ukininyima kazi kwa hilo, nitarudi Gehandu leo hii, na nitarudi nikiwa nalo kifuani."

"Binti, unajua unachokataa?"

"Najua kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti hiki."

Mlango uligongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Tluway alisimama pale na mkanda wa kombaini begani, grisi mpaka kwenye nyusi, anahema kama aliyekimbia tangu karakana, na ndivyo alivyofanya. Hakumtazama Felician. "Nimeitwa," alisema.

Imakulata naye hakumtazama, aliogopa. Alimgeukia afisa. "Mzee, ulimtaka Tluway huyu au yule mwingine?"

"Huyu."

"Mwingine amekuja?"

"Hakuja."

"Na mkanda si ndio huo?"

Felician alimtazama fundi, akautazama mkanda, akaitazama redio. "Utaanza Jumatatu," alisema. "Na wakubwa wa Arusha wakiniuliza kwa nini fundi wangu mmoja hana baba?"

"Uwape nafasi waniulize mimi. Kwa Kiingereza."

Nje, upepo ulikuwa unapeperusha makapi vile vile. Tluway alimfuata mpaka kwenye ukuta wa ghala, mkanda bado begani.

"Redio ya karakana ilikuwa wazi," alisema. "Mafundi walikuwa wanatafsiri, wanacheka. Mzee Gidahosh, mlinzi wetu, mtu wa kwenu, akauliza mnacheka nini, wakamweleza. Hakucheka. Akasema, 'Huyo binti anamzunguka mkwewe. Nani kati yenu amemuoa na hajapeleka ng'ombe?' Wote wakanigeukia mimi."

"Ukasemaje?"

"Ningesema nini? Nilichukua mkanda nikakimbia." Akajifuta uso, akazidisha grisi. "Siku ile ghalani nilikulazimisha ulitaje. Mbona hukuniambia, Ima?"

"Ningeanzia wapi? Hukuwa umeniuliza kitu chochote. Nikuambie mimi ni mke wako na wewe hujui?"

"Nimekukosea."

"Sana. Umenichoma, mpenzi wangu, tena mahali pabaya."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si kwa siku moja, usiniharakishe." Alisema hivyo, na mkono wake ukaushika ule wake wa kushoto wenye kovu, akaubana mpaka kijana akafumba macho.

Honi ya gari ilipigwa kule mbele, mara ya kwanza, kisha mara ya pili.

"Kombaini inasubiri," alimwambia. "Nenda."

"Jumamosi nitakwenda Gehandu na baba. Sasa anaona njia mwenyewe." Alirudi nyuma hatua moja, hajauachia mkono. "Mzee Gidabuday nimwambie nini? Ana maneno machache na fimbo ndefu. Nianze vipi?"

Imakulata alirekebisha shuka begani, akainua kidevu kama siku ile ya foleni.

"Mwambie umechelewa. Mimi nilishaolewa getini Haydom, watu wakinisukuma, na bwana harusi hakuwepo."